“Si Kofia Tu Hiyo?”

Swali hili tumeulizwa mara nyingi mno, na kila likija huja kwa sauti ya upole. Huulizwa na mtu mzima mwenye heshima zake, aliyevua viatu mlangoni, akanywa chai yetu ya tangawizi, akala visheti vyetu, kisha akaishika kofia iliyokaa mapajani mwetu wiki tano. Anaigeuza huku na huku. Anaivaa, anajitazama kwenye simu, anatabasamu. Tunamtajia bei. Anaivua. “Kwani bibie, si kofia tu hiyo? Mbona sokoni zipo za riyali kumi na tano?”

Sisi ni wanawake wachache, wa Unguja na wa Mombasa, na mmoja wetu ni wa Lamu. Tunakaa Al Wukair, kusini ya Doha, upande wa ndani wa Al Wakrah, kwenye zile nyumba za rangi ya mchanga zilizofuatana mpaka mgeni akapotea akitafuta mlango wake mwenyewe. Wengine tumewafuata waume, wengine tumekuja kwa mikataba yetu. Mchana kila mmoja ana lake. Usiku watoto wakilala tunatoa vikapu. Makala haya tumeyaandika pamoja, kwa sababu hasira tuliyo nayo ni ya pamoja, na kwa sababu wasomaji wa ukurasa huu ndio hao hao tunaowalalamikia.

Kwa waliokulia mbali na kazi hii, tueleze kidogo. Kofia ya mkono ina vipande viwili, duara ya juu na ubavu unaozunguka kichwa. Kila kipande ni nguo mbili za pamba nyeupe zilizopandanishwa. Kwanza huchorwa kwa penseli, na mchoraji mzuri ni mtu wa kutafutwa. Wapo washonaji hodari wasioweza kuchora hata jani moja, na hawaoni aibu kusema. Halafu nguo hizo mbili hushikanishwa kwa mishono midogo midogo kufuata mchoro. Ndipo yanapokuja matundu. Tundu hutobolewa taratibu, nyuzi za nguo zikasogezwa pembeni, kisha mdomo wake ukazungushiwa uzi, mshono ubavuni mwa mshono, mpaka ukakaza. Kofia yenye kazi nzito ina mamia ya matundu hayo. Si pambo peke yake: humo ndimo kichwa kinamopumua, na aliyekaa Ghuba mwezi wa Julai anajua maana ya kichwa kupumua. Ya mashine mara nyingi ina uzi uliolala juu ya nguo tu, tundu halipo, au lipo na linaanza kufumuka kabla hujaifua mara tatu.

Sindano ikikuchoma, tone la damu likaangukia nguo nyeupe, hulitoa kwa mate yako mwenyewe, upesi, kabla halijakauka. Asifikiri mtu tunatia chumvi. Kila mshonaji amewahi kufanya hivyo, na kila mvaaji amebeba kichwani kitu asichokijua.

Mwisho duara na ubavu huunganishwa, kofia ikafuliwa itoke penseli na jasho la vidole, ikatiwa wanga, ikavikwa juu ya bakuli lenye kipimo cha kichwa cha mwenyewe ili ikauke. Ukikosea kipimo nusu inchi, kazi ya wiki tano imepata kichwa cha mtu mwingine.

Sasa hesabu, maana tumechoka kuambiwa kuwa wanawake hatujui hesabu. Saa tatu kwa usiku mmoja, siku sita kwa wiki, wiki tano: ni saa 90. Sheria ya Qatar namba 17 ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika Machi 2021, iliweka kima cha chini cha mshahara kuwa riyali 1,000 kwa mwezi, mbali na 500 za makazi na 300 za chakula kwa asiyepewa vitu hivyo na mwajiri. Ukichukua wiki ya saa 48, mwezi una saa 208 hivi. Gawanya: ni kama riyali 4 na dirhamu 80 kwa saa. Zidisha kwa saa 90 upate riyali 432. Hapo hatujaweka nguo, uzi wala macho. Tunaomba 400. Tunaambiwa 80. Themanini kwa saa tisini haifiki hata riyali moja kwa saa, na hakuna mwajiri wa nchi hii, hata yule mbaya kuliko wote tunayemsimulia barazani, atakayethubutu kuiandika namba hiyo kwenye karatasi.

Na hapo ndipo penye lililotukaa rohoni. Anayetwambia themanini ni yule yule anayekaa nasi Ijumaa jioni akieleza alivyodhulumiwa ofisini. Mkataba aliotia saini nyumbani ulisema hivi, aliokuta hapa ukasema vingine. Saa za ziada hazilipwi. Tikiti ya likizo imekuwa hadithi. Akilalamika, mkubwa wake anamwambia, “Unakaa tu kwenye kiyoyozi, kazi gani hiyo?” Tunamsikiliza, tunampa pole, na pole yetu ni ya kweli. Kisha anaishika kofia na kusema, “Nyinyi si mnashona huku mnatazama televisheni? Muda mnao.” Ndugu zetu, hayo ni maneno ya mkubwa wake. Ameyatoa ofisini, amekuja nayo kwenye gari mpaka Al Wukair, ameyatua juu ya mkeka wetu. Kazi ya mwenzako ukiiona ni kukaa tu, huna haki tena ya kushangaa yako ikionekana hivyo.

Ukitoka kwetu kwenda mjini, kabla hujaingia Doha yenyewe, utauona uwanja wa Al Thumama. Ule uwanja ni kofia. Haukufanana kwa bahati. Ulichorwa uwe kofia. Mchoraji wake, Ibrahim Jaidah, Mqatari, alichukua umbo la gahfiya, kile kikofia ambacho wanaume na wavulana wa huku huvaa chini ya ghutra, akalijenga kwa ukubwa wa kukalisha watu zaidi ya 40,000. Ulifunguliwa Oktoba 2021 kwa fainali ya Kombe la Amiri. Humo ndimo Senegal walimocheza na Uholanzi, kisha na wenyeji. Na humo ndimo tarehe 10 Desemba 2022 Moroko walipoifunga Ureno bao moja bila, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Jioni ile tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Mmoja wetu alisema Afrika imeshinda ndani ya kofia, tukacheka, na sindano hazikuguswa usiku huo.

Siku nane baadaye, Lusail, Amiri alimvisha Messi bisht nyeusi, lile joho jepesi la heshima, mbele ya dunia nzima. Watu walikwenda Souq Waqif kulitafuta na kuulizia bei. Wapo waliokasirika kuwa limefunika jezi, hilo tunalijua. Lakini hatukumsikia mwenyeji hata mmoja akiuliza, “Si joho tu hilo?” Wenyeji wa nchi hii waliitazama kofia wakaona inatosha kuwa jumba. Sisi tunaitazama yetu tunaona riyali themanini.

Na si kwamba kofia yetu ni ya juzi. Sayyid Barghash alitawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, na wengi huamini kuwa neno baraghashia limetokana na jina lake. Barawa ina jina kwa kofia zake mpaka leo, na Wasomali neno lao ni koofiyad, ambalo msomaji hahitaji kutafsiriwa. Wangazija huvaa kofia na kuiita kofia. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa kuanzia 1970 milango ya Oman ilipofunguliwa, maelfu ya jamaa zetu wenye asili ya huko walihamia Maskati wakiwa na kofia kichwani, na wake zao na mama zao wakiwa na ufundi mikononi. Kumma anayoivaa Muomani leo na kofia ya Unguja ni ndugu wa tumbo moja.

Hatuna ugomvi na Oman. Muomani anayeijua kofia utamtambua: huigeuza upande wa ndani kwanza, akatazama mafundo ya uzi, akapitisha kidole kwenye matundu, ndipo akazungumza bei, na bei yake haimtii mtu aibu. Ugomvi wetu ni na wafanyabiashara wetu wenyewe, wanaoinunua kofia Unguja kwa bei ya kutupa, kwa mama mwenye shida ya siku hiyo, wakaipandisha ndege, na ikitua Ghuba imeshakuwa “ya Oman”. Wanafanya hivyo kwa sababu jina la Oman lina bei na jina la yule mama halina. Nani alilifanya lisiwe na bei? Si Waomani. Ni mteja Mswahili ambaye akiambiwa ya Oman anafungua pochi, na akiambiwa imeshonwa na fulani wa mtaa wa pili anaanza kukohoa.

Tazama kanga. Kwa miaka mingi imepigwa chapa Uingereza, Uholanzi, Japani na India, lakini tajiri wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, alihakikisha kanga zake zimeandikwa “Mali ya Abdulla”, na leo bibi asiyejua kusoma atakuonyesha maandishi hayo yalipo. Mwenye duka ana jina juu ya nguo. Uwanja una jina la aliyeuchora. Kofia, kazi ya saa tisini ya mkono wa mtu mmoja, haina jina popote. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2000, Lamu ikafuata 2001. Kuta na milango vikahesabiwa. Mama aliyekaa nyuma ya mlango huo akishona hakuhesabiwa.

Tunajua tutakayojibiwa. Tutaambiwa kuwa Mswahili wa kawaida hapa hana riyali 400 za kuweka kichwani. Kweli, hana, na hatumwombi. Mlinzi anayepata riyali 1,000 na ushei, akatuma nusu nyumbani, akivaa kofia ya mashine kwenda msikitini, swala yake ni swala na kofia yake ni kofia. Wala hatumnyimi kazi ya mikono yetu. Januari baridi ya jangwa inaposhuka usiku, vijana wa lindo kwenye mageti ya mtaa huu, wa Kisumu, wa Kampala, wa Tanga, huwa wanatetemeka ndani ya sare zilizoshonwa kwa ajili ya Agosti. Hao tunawafumia kofia za sufi, za sindano mbili, za kuvuta mpaka masikioni. Ni kazi ya jioni moja au mbili, bei ni riyali 25, na hatujawahi kubishana na hata mmoja wao. Kijana mmoja alitoa thelathini akakataa chenji. Alisema mama yake naye hufuma. Basi. Anayelipa kidogo ndiye anayejua.

Anayebishana ni mwenye gari la magurudumu manne. Ni yule aliyebadilisha simu mwaka huu na haikuwa imeharibika. Kwake neno “ghali” halina maana ya kuwa hana. Lina maana ya kuwa haoni kwa nini sisi tupate.

Halafu wapo wanaotwambia, kutoka London na Toronto, kwa nia njema kabisa: “Fungueni duka, jitangazeni, wekeni majina yenu.” Ndugu zetu, nyinyi mko mnakoweza kuandikisha biashara kwa fomu moja na kikombe cha kahawa. Huku kibali cha kukaa kinakwenda na mwajiri, au na mume aliyekudhamini. Mageuzi ya 2020 yalimruhusu mfanyakazi kubadilisha kazi bila barua ya ruhusa ya mwajiri wake, na tuliyashangilia. Lakini hayakumpa mtu leseni ya biashara. Tunashonea jamaa, kwa kuagizwa, na ndiyo maana makala haya hayana majina chini yake. Anayetuambia tujitangaze hatalala na hofu yetu.

Lakini na sisi tuseme yetu, isiwe tunarusha mawe kutoka nyumba ya makuti. Kwa miaka, tulipoulizwa bei, tulikuwa tukijibu, “Utakachojaaliwa.” Tulilelewa hivyo, kutaja pesa mbele ya mgeni kulionekana ukosefu wa adabu. Matokeo yake mgeni alijaaliwa hamsini. Mwaka jana mmoja wetu aliuza kofia ya kazi nzito kwa 120, kwa siri, baada ya wote kukubaliana 400. Tulipojua tulimsema sana, tena kwa maneno ambayo hatutayaandika hapa. Wiki iliyofuata ndipo tulipofahamu kuwa shule ya mwanawe huko Mombasa ilikuwa imemrudisha mtoto nyumbani kwa ada. Tulikwenda kumwomba radhi, na yule mnunuzi, ambaye bila shaka aliiona shida usoni mwake na akaitumia, hatukumwendea. Tulipaswa kumwendea yeye kwanza.

Mabinti zetu nao hawashoni. Tunasema hawataki, lakini tukiwa wakweli, hatukuwaita wakae. Mtoto wa miaka kumi na mbili ana macho. Anaona mama anakesha wiki tano na anaona anacholipwa. Hahitaji kufundishwa hesabu hiyo.

Jambo jingine, nalo litawaudhi baadhi ya wasomaji. UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai, mnamo Novemba 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, jumuiya zetu kila mahali zilipata sherehe. Tukafurahi. Basi kamati moja, katika mji ambao hatutautaja, ilituagiza kofia ishirini za vijana wa ngoma. Zitakiwe baada ya wiki tatu. Bei, ile ya katoni. Tulipowaeleza kuwa kofia ishirini kwa mikono tuliyo nayo ni kazi ya miezi, si ya wiki, mheshimiwa mmoja alitukumbusha kuwa ni kwa ajili ya utamaduni. Hilo neno tumelizoea. Hutajwa pesa zinapokaribia kutajwa. Mpiga picha wa shughuli hiyo alilipwa, ukumbi ulilipwa, maji ya chupa yalilipwa. Vijana walicheza na kofia za katoni, uzi wake ukimeta kama plastiki mbele ya taa, na mzungumzaji akasimama akazisifu kuwa ni kazi ya mama zetu. Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tunacheza kwetu, tunatozwa kiingilio.

Kwa hiyo tumekaa, na tumekubaliana haya. Kofia ya kazi nzito ni riyali 400, ya kazi nyepesi 220. Arbuni ni theluthi moja kabla ya kukata nguo. Anayetaka kumalizia kwa mafungu matatu atamalizia, tutaandika kwenye daftari wala hatutamwambia mtu. Harusi zitolewe taarifa miezi mitatu kabla. Bwana harusi hakuzaliwa juzi. Mwenzetu akipata shida ya ghafla atakopeshwa na kikapu cha pamoja, asiende kuiuza kazi yake gizani. Kamati za sherehe zitapewa bei ile ile kama watu wengine. Na kwa kuwa majina hatuwezi kuyaandika, kila mmoja amechagua alama, ataishona ndani ya upindo pale panapogusa paji la uso: kichomo cha karafuu, tanga la jahazi, ndoana, nazi iliyokatwa. Wa Lamu bado anafikiria. Mwenye kununua ataonyeshwa alama na kuambiwa ni ya nani, kwa mdomo.

Yule bwana wa themanini alirudi wiki iliyopita. Mwanawe anaoa mwishoni mwa mwaka na mama yake huko nyumbani amesema mjukuu wake hatapigwa picha na kofia ya dukani. Safari hii aliigeuza ya mfano upande wa ndani, akaitazama kwa muda, akauliza ile nazi iliyokatwa ina maana gani. Tulimweleza. Kijana tumempima kichwa, inchi ishirini na mbili na nusu, na mchoro ameuchagua. Arbuni ameahidi kuileta Jumamosi. Nguo hatujaikata.